Mashavu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kiume alikuwa tangazo la biashara ya mama. Kila mzigo ukiondoka bandari ya Huangpu, mama alimpiga picha na fulana mpya inayomkaba tumboni, akaituma Mwanza. Bibi alipiga simu kushangilia: "Hayo mashavu! Kweli China kuna hela." Mimi mwembamba sikupigwa picha. Ningeharibu soko.

Ghorofa ya chini aliishi nesi Mkolombia, aliyeanzisha mazoezi ya watoto kwenye bustani nyuma ya jengo. Alianza na watoto wa kwao, maana kwao pia, alisema, bibi hupima mapenzi kwa sahani ya pili. Siku moja alimkuta mdogo wangu kwenye ngazi, anakoroma huku yuko macho. Akagonga kwetu.

"Mama, moyo wa mtoto huyu unafanya kazi ya mzee. Mlete bustanini, na wewe uje. Mzazi asipokuja, mtoto hakai."

Mama akacheka, akamkaribisha chapati. Nesi alipoondoka nilimkuta mama kando ya mdogo wangu aliyelala, anasikiliza anavyopumua.

Tatizo, visa ya mama ilikuwa imekwisha, na miezi ile askari walikuwa kila kona wakidai pasipoti. Hata vitambaa vya soko la Zhongda alikuwa akiagiza watu wamchukulie. Tulishinda ndani, tunakula. Watu wa afya walisema: tokeni nje. Askari nao walisema: ndiyo, tokeni tuwaone.

Mama akaniteua kocha, niende bustanini badala yake. Mdogo wangu akajibwaga kwenye benchi.

"Kimbia wewe, kaka, mimi nitakushangilia."

"Nesi anakuangalia!"

"Mama yuko wapi? Wenzangu wote wana mama."

Niliporipoti hayo, mama akachungulia dirishani kama askari wapo. Jumamosi akashuka, amevaa raba za kuuza, kibandiko cha bei bado kinaning'inia. Mdogo wangu aliruka kutoka kwenye benchi kama amekalia moto.

Hawajamaliza hata mzunguko mmoja, askari wawili wakaingia getini. Mama akamshika mtoto mkono. "Twende, baba." Walianza kwa kutembea haraka, wakaishia mbio. Nesi, asiyejua lolote, akapiga makofi: "Mnaona wenzenu wanavyojituma?"

Hawakusubiri lifti. Nami nikafuata ngazi nikicheka, mpaka ghorofa ya nne cheko na pumzi vikaniishia pamoja. Kule juu mdogo wangu ndiye aliyekuwa anamvuta mama.

Nilipofika, mama alinifungulia, akarudisha komeo, akakaa sakafuni, sikio kifuani kwa mtoto.

"Nimekushinda, mama! Kesho tena?"

Akasikiliza muda mrefu.

"Kesho tena. Ngazi zetu wenyewe. Hatuhitaji askari wa kutukimbiza."

Tukapanda na kushuka miezi yote ile, hadi watoto wa Kikolombia nao wakahamia ngazini. Picha iliyofuata ilipofika Mwanza, bibi alipiga simu analia.

"Kakonda! Mwanangu, mmefilisika?"

Mama akanikazia macho nisicheke, akamwambia, "Hapana, mama. Anapumua."