Tone la Pili la Irja

Irja Lehtonen wa Thunder Bay alipima damu za watu maisha yake yote, na wenzake walisema mkono wake hautetemeki hata ziwa likiganda. Kazi yake, nieleze kidogo, ilikuwa kutafuta urasili, kemikali ya asili ya mwilini, katika damu ya wagonjwa wa saratani. Mwenye urasili nyingi mwili wake hauwezi kuivunja dawa. Akipewa dozi kamili huenda ikamuua. Basi kila kichupa cha damu hutiwa tone la urasili nzito ya kiwandani, pacha wa ile ya damuni kwa kila kitu isipokuwa uzito. Mashine huzilinganisha. Nzito ikizidi kipimo, ya mgonjwa huonekana ndogo.

Ijumaa moja, katikati ya kutia matone, dada yake Aune alipiga simu: sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, iwashwe saa ngapi? Irja aliporudi kwenye vichupa hakukumbuka kama kile cha mwisho amekitia. Akakitia. Baadaye, kwenye mchoro wa mashine, kilima cha urasili nzito cha kichupa hicho kilisimama mara mbili ya wenzake. Alikiona. Lakini jibu la mgonjwa lilikuwa dogo, zuri, na kuni zilikuwa zimeshawaka. Akalipitisha.

Ndani ya sauna jasho lilimtoka, neno halikumtoka.

"Umemeza jiwe, au ndio uzee?" Aune akamtania.

Jumapili asubuhi aliiacha kahawa mezani. Akaenda kazini, akamkuta Gaston, mwenzake wa zamu, anatafuna andazi.

"Mama, leo kanisani wamekufukuza?"

"Nilitia tone mara mbili, Gaston. Na nilijua."

Gaston akaliweka andazi chini. "Turudie. Tutasema mashine ilikorofisha, nani atauliza?"

Wakarudia. Urasili ya mgonjwa, bwana mmoja, ikatoka maradufu, na dawa alikuwa aanze kesho yake.

Irja akampigia daktari. "Jibu la Ijumaa si la kweli. Mashine haina kosa. Ni mimi, na niliona nikanyamaza."

Daktari akafungua faili la mgonjwa. "Basi nitampunguzia dozi. Asante sana, Irja."

Laiti angemkaripia. Asante ile ilimkaa kifuani kama mwiba, hata baada ya kusikia kwamba yule bwana anaendelea vizuri.

Tangu hapo, akiwa kazini, simu yake hukaa ndani ya koti lililotundikwa mlangoni.

"Siku hizi umekuwa mkubwa, hupokei simu," Aune hunung'unika, akimwaga maji juu ya mawe ya moto.

Irja, ambaye hajamwambia kwa nini, huhamia benchi la chini, akisingizia joto.