Kamba Iliyooshwa kwa Udongo

Kabla sijapanda hata kichuguu, nilikuwa nimeshachukiwa kwenye klabu ya milima ya shule yetu. Sababu ilikuwa pasipoti.

Kila likizo ya baridi klabu huenda kwenye theluji ya milima ya Drakensberg, na njia rahisi ni ya kupitia Lesotho: gari linakupeleka mpaka karibu na theluji yenyewe, unatembea kidogo, unaanza kupanda. Pasipoti yangu ilikuwa imeisha muda, na mpya haikujulikana itatoka lini. Mwalimu wa jiografia, kiongozi wa safari, akabadili mpango kwa ajili yangu. Tungepita upande wa Natal, bila kuvuka mpaka, tuchukue kibali getini, tutembee kutwa nzima na mizigo mgongoni, ndipo tulale chini ya korongo lenye barafu.

"Kutwa nzima ya miguu," nahodha alisema mbele ya wote. Nahodha wa klabu ni msichana wa darasa la mwisho, mrefu, na akisema jambo wengine hucheka hata kama halichekeshi. "Kisa mtu mmoja hana karatasi."

Mimi majibu yangu hunijia bafuni, bomba likiwa wazi.

Lakini nilitaka kwenda kuliko kitu chochote. Nimezaliwa hapa hapa Johannesburg. Shuleni mimi ni mgeni kutoka juu huko, kwa kuwa wazazi wangu ni wa Tanga. Nyumbani, mtaa wa Rosettenville, shangazi ananiita mzungu kwa sababu Kiswahili changu kinakwama kwama. Nilifikiri kwenye theluji hakuna mwenyeji. Wote tungekuwa wageni, na wote tungeteleza.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alikuja kutoka Tanga mama aliporudi huko kumuuguza bibi, na tangu siku ya kwanza alinihesabu kama chombo kilichooshwa vibaya. "Msichana alale mlimani?" alimwambia baba. "Amekosa kitanda hapa?" Baba aliweka sahihi kwenye fomu ya ruhusa akiwa amegeuza uso, kama mtu anayechomwa sindano.

Mazoezi tuliyafanya kwenye kilima cha nyasi nyuma ya ukumbi wa shule. Tulijifunza kutembea na yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, miguu ikiachana ili usijichane suruali. Tulijifunza kujizuia kwa shoka la barafu ukiteleza. Lakini sheria kubwa ya mwalimu ilikuwa moja: kamba haikanyagwi. Ukiikanyaga, unabeba begi la sufuria safari nzima. Alitueleza sababu. Ndani ya kamba mna nyuzi nyingi nyembamba zilizofunikwa na ganda la kusokotwa. Chembe ya mchanga ikipenya kwenye ganda, inakaa mle na kukata uzi mmoja mmoja kila kamba inapovutwa. Kwa nje utaiona nzima. Siku mtu ananing'inia ndipo utajua.

Wiki ya safari tuligawana vifaa kwenye gereji ya kwao nahodha. Kila mtu alipewa kifaa kimoja cha pamoja akikague na kukitunza kwake. Klabu ilikuwa na kamba mbili tu, kwa timu mbili. Moja, ya bluu, mwalimu alinikabidhi mimi. Nilihisi masikio yanawaka kwa furaha. Nahodha aliniangalia mimi, kisha kamba.

"Hiyo ni ya timu yenu," alisema. "Ikipata tatizo, nyie ndio mtabaki. Sawa? Sharp?"

Tukiwa tunaongea, jibwa lake la manjano lilikuwa limejilaza juu ya kamba likiilamba kama mfupa. Nahodha alicheka tu, akalipapasa kichwa.

Na mimi naswali. Najua hukumu ya mate ya mbwa: ni najisi. Ndiyo maana kamba sikuiingiza ndani. Niliiweka kwenye kijichumba cha uani, ndani ya mfuko wake, nikanawa mikono. Nilijiambia mlimani nitavaa glavu, na nguo za kuswalia nitazifunga mbali. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu.

Jioni shangazi aliingia uani kutafuta ufagio.

"Wewe mtoto! Mfuko huu una nini? Mbona una manyoya?"

"Kamba ya shule, shangazi."

"Manyoya ya nani?"

Ningeweza kusema ya paka. "Ya mbwa."

"Ameilamba?"

"Kidogo."

"Mate hayana kidogo," alisema, akaondoka. Nikadhani yameisha.

Kesho yake nilirudi kutoka shule nikaikuta kamba yote imetandazwa kwenye ukuta wa uani, inachuruzika maji. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imekunjamana kwa kulowa, amechoka na amefurahi. Aliiosha mara saba kama dini ilivyoamuru, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Udongo aliuchota pale pale uani, penye mchanga ule mweupe unaopeperushwa na upepo kutoka kwenye rundo la taka za mgodi. Aliuchanganya na maji kwenye beseni, akaizamisha kamba na kuisugua pima kwa pima, kwa nguvu zote za mwanamke wa Tanga.

"Haya," alisema. "Sasa ni twahara. Hata mswala unaweza kuutandika juu yake. Hakuna asante?"

Niliishika kamba nikaikunja kidoleni. Ndani ilisaga. Kitu kama sukari kati ya meno.

"Umeiua," nilisema.

"Nimeiua? Kamba ina roho?"

"Hujui ulichofanya! Hukuniuliza!"

"Niulize mtoto kuhusu najisi? Hee! Ulitaka ukafie huko na mate ya mbwa kiunoni?"

"Nilitaka kwenda tu!"

Baba alirudi akatukuta tunapigiana kelele. Aliipapasa kamba kama mtu anayenunua kitambaa. "Mbona nzima? Kwetu ng'ombe hufungwa kwa kamba inayolala matopeni mwaka mzima."

"Baba, mimi si ng'ombe."

"Basi nyamaza. Ikikauka hakuna atakayejua. Na usimpandishie dada yangu sauti."

Hakuna atakayejua. Hilo ndilo lililoninyima raha, kwa sababu lilikuwa kweli. Ilipokauka ilikuwa safi kuliko siku niliyopewa, bluu yake imerudi. Ningeikunja, ningeiweka kwenye begi, na ningeiona theluji. Ila kwenye timu yetu kulikuwa na wawili wengine, na mmoja wao ndiye pekee aliyewahi kunigawia chakula chake wakati wa mapumziko. Nilimwona ananing'inia.

Siku ya kuondoka tulikusanyika nyuma ya ukumbi. Niliiweka kamba miguuni kwa mwalimu.

"Hii haifai," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Haifai. Imeoshwa kwa udongo."

Nahodha akasema: "Eish! Kwa udongo? Nani anaosha kitu kwa udongo? Nyie ni watu gani?"

"Mbwa wako aliilamba."

"Kwa hiyo kosa ni la mbwa wangu?"

"Ndiyo," nilisema. Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumjibu.

Mwalimu aliipitisha kamba yote mkononi, taratibu, akiikunja na kuisikiliza. Alitoa kisu akaikata vipande vifupi vifupi, asije mtu akaitumia tena, kisha akanipa kimoja nifanyie mazoezi ya mafundo. Timu yetu ilibaki. Yule wa chakula hakuniangalia usoni. Gari lilipoondoka, nahodha alifungua dirisha akapiga kelele: "Sasa tunaweza kupita Lesotho!" Na kweli, walipita Lesotho.

Nilifika nyumbani na begi langu lile lile lililofungwa. Shangazi alikuwa anaanua nguo. Alikiona kipande mkononi mwangu, akakichukua.

"Wameikata? Kamba nzima vile? Watu hawa hawana haya." Alikikung'uta, akakipima kwa mkono. "Si haba. Itafaa kuongezea hapa penye kuanikia."

Nilimnyang'anya. Nikakitupa chini, nikapanda juu yake na viatu vyangu vya mlimani, miguu yote miwili, nikakisigina kwenye mchanga ule mweupe.

"Hee! Utakichafua!" shangazi alisema.

Kamba haikanyagwi, nilijua. Sikutoka juu yake.