Mivukuto ya Mzee Lyamba

Gaudensia alifua majembe na baba yake, mzee Lyamba, kule Mwese kwa miaka kumi na moja. Wanakijiji walimzoea akivukuta moto, kisha wakamzoea akishika nyundo. Aliolewa Majengo, mjini Mpanda. Baba alipofariki, Denis, mdogo wake Gaudensia, ndiye aliyebaki nyumbani. Haukupita mwaka, Denis akaja na habari: kibanda cha uhunzi kimeungua, hakikubaki kitu.

Julai iliyopita, baada ya misa, Gaudensia aliwapeleka wajukuu kwenye kijiji cha makumbusho kilichofunguliwa nje ya mji. Watoto walibembea, wakapiga picha na sanamu ya kiboko, halafu wakaingia nyumba ya wahunzi.

Mivukuto ya baba ilikuwa mezani. Kiraka cha ngozi ya mbuzi alichokishona Gaudensia kilikuwepo bado. Kibao kilisema: "Mali ya mhunzi Lyamba. Imetolewa na Denis, mtoto wake wa pekee na mrithi wa ufundi wake."

Mjukuu wake Emelyne alisoma kwa sauti, akamgeukia. "Bibi, kwani wewe si mtoto wa mzee Lyamba?"

Nyuma ya nyumba, Denis alikuwa anawaonyesha wageni tanuri. Alipomwona aliwaacha, akamjia.

"Shikamoo, dada."

Gaudensia hakuitikia. "Ulikuja kwangu, ukakaa nami nikilia, ukaniambia nijipe moyo. Kumbe uliificha mivukuto ya baba."

"Dada, watu wa makumbusho walitaka mhunzi wa kuajiri. Nani angeamini mwanamke anafua chuma?"

"Na kusema sijazaliwa, nani alikutuma?"

Gaudensia akaenda ofisini kwa msimamizi, mama aliyeitwa Annonciata, akamweleza kuwa yeye pia ni mtoto wa Lyamba, na ndiye aliyerithi ufundi wake.

"Una ushahidi gani?" Annonciata aliuliza.

"Nipe kipande cha chuma."

Walirudi wote tanurini. Kabla chuma hakijapata wekundu, Denis alikuwa ameshaondoka. Gaudensia alifua mundu mbele ya wageni, jasho likimtiririka kwenye gauni lake la kanisani. Walimpigia makofi, lakini yeye alikuwa anatazama geti.

Septemba kibao kilibadilishwa, jina lake likaandikwa. Sasa anafundisha pale kila Jumamosi. Denis amemtumia ujumbe mara tatu kuomba msamaha. Gaudensia ameusoma kila mmoja, na hajajibu hata mmoja.