Polisi Alileta Kioo Tu

Juzi, katika kesi ya utapeli wa barua pepe hapa mjini, polisi aliweka ushahidi mezani: kioo cha kompyuta, kimefungwa blanketi kama mtoto. Alidhani kioo ndicho kompyuta.

Wakili wa mshtakiwa akacheka. "Mheshimiwa, hiyo si ni kama TV tu!"

Wakili wa serikali, dada mwembamba, akainama chini ya meza, akainua mashine yenyewe kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, barua ziko humu. Niliwarudisha wenzake jana wakaichukue."

Kicheko kikakatika.

Mama aliyeketi kando yangu akanigusa kiwiko. "Huyo binti ni wangu. Huniambia anafanya sheria ya kompyuta. Kumbe hata kubeba anabeba!"

Mimi huisema vibaya serikali kila wiki. Siku hiyo nilitamani kumjibu: mama, huyo ni wetu. Hata mimi nalipa kodi.