Mtoto Ambaye Sikumwandika

Nakumbuka asubuhi moja ya upepo hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, mwanangu, kila nikiona daftari jipya. Kwa kuwa kesho unaanza kazi ya kujitolea bandarini, acha nikuambie kabla hujashika kalamu.

Nilikuwa msichana mwenye mwandiko mzuri, na niliujivunia kupita kiasi. Watu wa usalama wa ziwa walikuwa wachache, basi sisi wa kujitolea tuliwasaidia. Wenzangu walitoka na mitumbwi kukiwa na ajali, mimi niliandika abiria kabla boti haijaondoka. Mtoto wa mgongoni halipi nauli, kwa hiyo sikumwandika. Hakuna aliyeniagiza hivyo. Niliikuta desturi, nikaiona rahisi.

Siku hiyo alipanda Odette, mama mkimbizi kutoka Burundi, amebeba mtoto. Niliandika Odette tu, kwa herufi za kupendeza.

Boti ya kwenda Mboko ilipinduka tungali tunaiona. Mitumbwi iliokota watu, nami ufukweni nikiweka alama kwenye kila jina. Odette aliletwa amezimia, akakimbizwa hospitali, na hakuna abiria aliyemfahamu. Jina la mwisho lilipopata alama nilipaza sauti, "Bote bametimia!" Nilifurahi, Mungu anisamehe. Mitumbwi ikarudi.

Saa kumi alasiri Odette alizinduka. "Mutoto wangu iko wapi?"

Tulimkuta kwenye matete, amekufa. Kando yake lilielea bidoni tupu, dumu la plastiki, ambalo mama yake alimfungia kwa kitenge boti ilipopinduka. Fundo lilikuwa limelegea. Mwili wake ulikuwa haujakakamaa; hakuwa amekufa muda mrefu.

Papa Asukulu, mkubwa wetu, hakunifokea. Afadhali angenipiga.

"Binti yangu, tulikuwa na nguvu ya kutafuta," alisema. "Ni we ulisema tumemaliza."

Nilikwenda kwa Odette kuomba msamaha. Alinyoosha kidole kwenye daftari langu.

"Anaitwa Shukuru," akasema. "Andika."

Niliandika. Hakuna herufi mbaya kuliko zile katika daftari lote, na mpaka leo nazililia.

Mwanangu, watakucheka ukichelewesha boti kwa ajili ya kitoto cha mgongoni. Waache wacheke. Funua kitenge, uliza jina, uandike. Na usiseme wametimia kabla ya kuwauliza waliookoka nani hawamwoni. Mungu akulinde pale ufukweni, na kila jina utakaloandika asubuhi, jioni mwenyewe aitike.