Pipa jipya la Mama Rozela

Saa tatu na robo asubuhi, Zaituni Namulondo anamaliza kikombe cha kwanza cha rozela, anakifuta kwa kanga na kugeuza macho kwenye saa ya ukutani. Ataitazama kwa saa nzima. Mpaka dakika sitini ziishe tumbo lake likiwa limetulia, hakuna atakayeuziwa kinywaji hicho hapa Walukuba, mjini Jinja, hata aje na kiu ya namna gani.

Aliyekuja leo si mteja wa kupita. Ni Night, mke wa sajenti, anayeishi Kimaka. Amekaa kwenye benchi la barazani, mkoba mapajani, viatu hajavua. Mbele yake kuna kikombe kilichojaa rozela nyekundu, na hajakigusa.

"Wewe kunywa kwanza," alisema alipofika. "Mimi nangoja."

"Karibu ungoje, Mama Timothy," Zaituni alimjibu. "Hata mimi nangoja."

Night akinywa, wanawake wa mtaa wake wote watarudi kununua. Akiondoka bila kunywa, Zaituni anajua biashara imekwisha.

Zaituni ana miaka thelathini na minne. Kwa miaka sita ameuza maji ya maua ya rozela, yale mekundu yenye uchachu, mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Mama Rozela. Maua hukaushwa na dada yake mkubwa, Kulusumu, anayelima Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Kulusumu huyatia kwenye gunia, huenda nalo Mbale, humkabidhi dereva wa taksi, na jioni gunia liko Jinja.

Zaituni huyaosha, huyachemsha kwa tangawizi na fungu la mchaichai, kisha huyamimina kwenye mtungi wa udongo aliopewa na mama yake siku ya kuolewa. Hufunika kwa kitambaa na kuacha hadi asubuhi.

"Kikilala, kinakolea," anasema. "Ukikinywa siku hiyohiyo unakunywa maji ya moto yaliyopoa tu."

Katika kiangazi cha Januari, jua likiwaka mpaka kuku wanahema, alikuwa akiuza chupa arobaini kwa siku, shilingi elfu moja na mia tano kila moja. Lakini anayoyakumbuka zaidi ni ya jioni. Binti yake Shakirah, mwenye miaka tisa, na watoto wa jirani walikuwa wakikaa mkekani, kila mmoja na kikombe chake, kisha wanatoa ndimi nje kupima nani amekuwa mwekundu kuliko wenzake. Zaituni ndiye alikuwa hakimu. Aliyeshinda alipewa andazi lililobaki.

Februari, Night alimwagiza lita sitini kwa sherehe ya mwanawe Timothy kutimiza miaka saba. Mtungi hauchukui zaidi ya ishirini. Zaituni akaenda mjini kwa mafundi wa mabati, wale wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, akamwomba mmoja amtengenezee pipa lenye mfuniko. Lilimgharimu shilingi elfu sitini na tano.

"Lilikuwa linang'aa," anasema. "Nililiosha mara tatu. Nikajiambia, Zaituni, sasa umekuwa mtu wa biashara."

Usiku ule lita ishirini zililala mtungini, arobaini pipani.

Kesho yake kule Kimaka mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwenye sherehe zetu: wakubwa walianza kuhudumiwa. Zaituni aliwamiminia rozela ya mtungini, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Ilipoisha akafungua ya pipani, na watoto wakapanga foleni.

Keki ilikuwa haijakatwa. Timothy alishika tumbo, akatapika kwenye shati lake jipya. Akafuata mwingine, halafu wawili kwa pamoja. Kabla ya saa kuisha, watoto kumi na mmoja walikuwa wakitapika uani, na mama zao wakikimbia hovyo na ndoo za maji.

"Mtoto wangu alikuwa baridi mkononi kama samaki," anasema Night, na hilo ndilo jambo refu alilosema asubuhi hii.

Wote walipona kesho yake. Lakini nani angeelewa kilichotokea? Wakubwa walikunywa vikombe viwili viwili na hawakusikia chochote. Wakalaumu nyama, lakini watoto walikuwa hawajaila. Wakalaumu maji ya mfereji, lakini mtaa mzima ulikunywa hayohayo. Jirani mmoja wa Zaituni akasema ni kijicho. Mwingine akasema maua ya Mbale siku hizi yamepuliziwa dawa ya wadudu.

Zaituni alilishika hilo la mwisho. Akampigia dada yake simu.

"Ulipulizia nini maua yako?" aliuliza.

"Nilipulizia mate yangu nikiimba," Kulusumu akajibu. "Wanangu wanakunywa maua hayohayo kila siku. Unasema mimi ni muuaji?"

"Sijasema hivyo."

"Basi umesema nini?"

Simu ikakatwa. Hata hivyo, baada ya siku tatu gunia jipya lilifika kwa taksi, bila salamu.

Hapa ndipo penye kosa ambalo Zaituni analirudia kila mara, kama mtu anayegusa jino bovu. Alitaka kujua kama maua mapya ni salama. Mtungi alikuwa amemwazimisha mkwewe, kwa hiyo akatumia pipa. Ndani aliliona limepoteza mng'ao, lina michirizi ya kijivu mpaka pale kinywaji kilipokuwa kimefika. Akadhani ni uchafu. Akalisugua kwa majivu na mchanga, akalaza rozela humo usiku kucha. Asubuhi alikunywa yeye, na Shakirah naye akataka.

"Nilimpa kwa mkono wangu," anasema, na sauti inapungua. "Nilisema maua ni mapya, pipa nimelisugua, tatizo litoke wapi?"

Nusu saa baadaye walikuwa wote wawili kwenye boda boda kuelekea zahanati, mtoto katikati, mama nyuma akitapikia pembeni ya barabara.

Pale zahanati walimkuta Enos Wabwire, tabibu wa zamu. Zaituni alianza kumweleza habari za maua, dada na kijicho. Wabwire alimwacha amalize.

"Mama, maua nimeyasikia," alisema. "Hicho kinywaji kililala ndani ya nini?"

"Pipa. Pipa jipya kabisa."

"La bati? Lile linalong'aa?"

"Hilohilo."

Wabwire akaweka kalamu chini. Akamweleza kwamba bati lile limepakwa zinki lisishike kutu. Maji matupu hayalisumbui sana. Lakini maua ya rozela ni makali kama ndimu. Yakilala humo usiku kucha yanaila zinki, zinki inaingia kwenye kinywaji, na tumbo linaikataa.

"Na nilivyosugua?" Zaituni akauliza.

"Ulisugua, ukafunua zinki nyingine."

Mama unayesoma hapa, usimcheke. Wengi wetu tungefanya hivyohivyo. Tumefundishwa kuogopa kitu kichafu, hakuna aliyetufundisha kuogopa kitu kinachong'aa. Ndimu, ukwaju, nanasi, pasheni, rozela: chochote chenye uchachu kisilale kwenye ndoo wala pipa la bati, hata kama limetoka kwa fundi leo asubuhi. Na mtoto hawezi kukuambia kinywaji kimeharibika. Yeye anaona ni chekundu, ni kitamu, anaongeza.

Zaituni mwenyewe bado kichwa hakijakaa sawa. "Huu mtungi una masizi, tena una ufa hapa chini," anasema, akiupapasa. "Lile pipa ningeweza kujitazamia nikifunga shela. Mpaka leo najiuliza, nilikosea wapi pa kukosea?"

Alimpigia Kulusumu, akaomba radhi. Kulusumu akauliza kama Shakirah anakula. Wiki iliyofuata gunia lilikuja na mayai juu yake, yamefungwa kwa majani ya ndizi.

Kisha Zaituni alipakia pipa kwenye boda boda, akalipeleka Kimaka, akalilaza mlangoni kwa Night ili aone ndani jinsi zinki ilivyoliwa. Night aliingiza kichwa, akalitazama, akasema, "Nitakuja." Zilipita wiki tano. Chupa arobaini zilikuwa zimebaki tatu au nne kwa siku. Pipa sasa linawekewa makaa.

Ndiyo maana leo saa inatazamwa hivi. Zaituni anasema mambo yakikaa sawa atakwenda Nakaloke kwa dada yake, arudi na mitungi miwili mikubwa kutoka kwa mfinyanzi wa kule. Lita sitini anazitaka tena, ila zote zilale kwenye udongo.

"Na nitaendelea kunywa wa kwanza," anasema. "Hata nikizeeka."

Shakirah ameketi kizingitini. Tangu siku ile hajaonja. Anamtazama mama yake, kisha saa, kisha mgeni.

Inafika saa nne kasoro dakika kumi. Night anainama, anavua kiatu kimoja, halafu cha pili, anavipanga chini ya benchi. Anachukua kikombe.

"Mama Timothy, saa haijafika," Zaituni anamwambia.

"Mimi najua kusoma saa," Night anajibu. "Jua kali."

Anakunywa nusu, anapumzika, anamalizia. Kisha anamgeukia Shakirah na kumtolea ulimi.

"Wewe mtoto, angalia. Imekuwa nyekundu?"

Shakirah anasogea karibu, anaukagua ulimi huo kwa makini, kulia na kushoto.

"Bado," anasema. Anaingia ndani, na anarudi na jagi la kumiminia na vikombe viwili, kimoja chake mwenyewe.