Siku Motlatsi Alipokamatwa na Gari la Maiti

Watoto wa Phuthaditjhaba, mji wa milimani Afrika Kusini, walimwita Motlatsi Lephoto "Ntate wa Mwisho", Baba wa Mwisho, na walitawanyika kama vifaranga walipomwona dukani akinunua mkate. Yeye hakukasirika. Alikuwa ameendesha gari la maiti tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na alijua kwamba mtu wa kazi ile haalikwi kwenye harusi. Lakini msiba ulipoingia nyumbani, wajane walifika kwa Mme Disebo, mama mwenye kampuni ya mazishi, wakasema, "Tunamtaka Motlatsi." Alishika breki kwa adabu. Mashimo ya barabara zote za milimani aliyajua, na jeneza halikuwahi kugonga ukuta wa gari mikononi mwake.

Ijumaa ile, katikati ya baridi kali ya Juni, maiti ilikuwa ya Mwalimu Mmamotena Tsotetsi, aliyemfundisha Motlatsi kusoma. Alifikisha jeneza nyumbani kwa marehemu jioni kwa ajili ya mkesha. Kawaida angeegesha gari, akaenda kulala, akarudi alfajiri. Safari hii aliwakuta wanafunzi wenzake wa zamani nyuma ya nyumba, wamejifunika mablanketi, wamezunguka moto na mtungi wa pombe ya mtama.

"Njoo, wewe uliyekuwa unalilia kalamu!" mmoja akamwita. "Mwalimu anaondoka, unataka kumuaga na koo kavu?"

Akakaa. Kibuyu kikazunguka, halafu mtu akatoa brandi ndani ya koti, halafu wakaimba nyimbo za darasa la kwanza mpaka wakalia. Alilala kidogo kwenye kiti cha gari. Kulipokucha alinawa uso kwa maji yenye barafu, akatafuna peremende, akatembea kuzunguka gari na kujiona mzima kabisa. Kichwa kilikuwa chepesi, mikono haitetemeki. Akawasha gari.

Msafara ulikuwa mrefu: magari ya ndugu, na nyuma yao basi la akina mama wa kanisa waliokuwa wakiimba kwa sauti ya kupasua mlima. Walipofika njia panda ya kwenda makaburini, askari wa barabarani walikuwa wameweka kizuizi. Motlatsi hakushtuka. Siku zote askari huvua kofia gari la maiti linapopita. Lakini askari mmoja mwanamke, kijana, aliinua mkono.

"Habari za asubuhi, Ntate. Pole kwa msiba. Zima gari, tafadhali."

"Binti yangu, nina mtu nyuma."

"Nimemwona. Puliza hapa."

Akapuliza. Askari akakitazama kifaa, akamtazama yeye usoni, akakitazama tena.

"Ntate, umekunywa."

"Jana. Ni jana, kwenye mkesha. Nimelala, nimenawa."

"Hiki kifaa hakiulizi kama umenawa. Shuka."

Wimbo wa kwenye basi ulianza kufifia, sauti moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ya bibi mmoja kiziwi. Milango ya magari ikafunguliwa. Matshidiso, binti mkubwa wa marehemu, alikuja akitembea haraka, blanketi jeusi limebanwa begani kwa pini.

"Kuna nini? Mbona mama yangu amesimamishwa?"

Askari akamweleza kwa sauti ya chini. Matshidiso akamsogelea Motlatsi, karibu sana, mpaka pua yake ikawa mbele ya kidevu chake. Akavuta hewa. Motlatsi aliona afadhali angepigwa kofi.

Matshidiso akamgeukia askari. "Mimi nina leseni. Naweza kuliendesha hilo gari?"

"Na wewe umekunywa?"

"Chai. Tangu Jumatatu sijanywa kitu isipokuwa chai."

Akapuliza, kifaa kikanyamaza. Akapanda. Hakuwa amewahi kuendesha gari zito namna ile. Gia zikalia kwa kusaga, gari likaruka mbele kama mbuzi, na ndani yake jeneza likateleza na kugonga. Kila mtu alilisikia. Motlatsi, tayari ana pingu, aliinua mikono yote miwili.

"Klachi, dada! Kanyaga klachi mpaka chini kabisa!"

"Nyamaza, mlevi!" mtu akafoka, na bonge la udongo likampiga begani. Gari la maiti likaondoka taratibu, na msafara ukalifuata. Kila gari lililopita lilipunguza mwendo ili walio ndani wamwone vizuri.

Kwenye gari la polisi hofu ilimfungua mdomo. Alieleza kila kitu: mtungi, kibuyu, brandi ilikuwa ya nani, alilala saa ngapi. Askari akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Ntate, nimekwambia una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili, na kama huna uwezo utapewa wa serikali. Umenielewa?"

"Nimeelewa, binti yangu. Ila ile brandi haikuwa yangu..."

"Ntate. Ninaandika."

Hospitalini muuguzi alimfunga mpira mkononi na kutafuta mshipa. Motlatsi alikuwa mtu wa kukaa na maiti bila kutetereka, lakini alipoona damu yake ikipanda ndani ya chupa ndogo, ikafungwa na kubandikwa jina lake, aligeuza uso ukutani. Aliona kama wamechukua kitu ambacho kitamsema vibaya mahali ambapo yeye hatakuwepo kujitetea.

Mkewe Puleng alifika mahabusu mchana na blanketi na chakula. Hakumgombeza. Alikuwa na macho mekundu. Akaja pia na kaka yake, Lefa, mtu wa mipango mingi, ambaye alisubiri dada yake aende kuzungumza na askari wa zamu, kisha akaegemea nondo.

"Shemeji, sikiliza. Chupa husafiri mbali kabla ya kupimwa. Kuna mtu ninayemjua. Chupa huanguka, chupa hupotea. Bila chupa hakuna kesi. Sema ndiyo tu."

Motlatsi hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Hilo ndilo lililomtesa kuliko baridi ya sakafu. Jumapili nzima alikaa na lile neno kifuani. Alifikiria leseni, kwa sababu bila leseni yeye ni nani? Alifikiria gereza, ambako aliwahi kwenda kuchukua maiti za vijana na kuona walivyokonda. Kila funguo zilipolia ukumbini, alisimama wima.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kupandishwa kizimbani, aliletewa wakili wa serikali. Mme Keneuoe alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua, leso mkononi. Motlatsi akamweleza mambo yote, na mwishowe, akitazama viatu vyake, akamuuliza kuhusu chupa.

Wakili akapenga kamasi.

"Hilo sikulisikia, Ntate. Ila nitakwambia jambo. Kuendesha ukiwa na pombe ni kosa, na ni kosa lako la kwanza. Tunaweza kulibeba. Kuhonga mtu apoteze ushahidi ni kosa jingine, na hilo halibebeki. Huyo aliyekupa wazo, mwambie akae nalo mwenyewe. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mme."

"Vizuri. Usiguse usukani mpaka niseme. Usikose tarehe ya mahakama hata kama unaumwa. Usisimulie kesi yako dukani wala kanisani. Nenda kwa mtu wa ustawi wa jamii ukazungumze naye kuhusu unywaji wako, nenda kweli, si kwa kunifurahisha. Na yule binti wa marehemu anaweza kuitwa shahidi, kwa hiyo usimsogelee."

"Nilitaka kwenda kuomba radhi."

"Najua. Subiri."

Hakimu alimwachia kwa onyo, arudi majibu ya damu yatakapokuja. Lefa alikuwa akimngoja nje, tabasamu usoni. Motlatsi alimwambia hapana hapo hapo, mbele ya Puleng, na Puleng alipoelewa ilikuwa hapana ya nini, akamshika kaka yake sikio kama mtoto na kumtoa kwenye uwanja wa mahakama.

Majibu yalichelewa. Miezi ikapita, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mme Disebo hakumfukuza, ila alinyoosha kiganja. "Funguo." Akampangia kuosha magari na kusimika mahema ya misiba. Dereva mpya alikuwa anapiga honi hata akiwa na jeneza nyuma. Motlatsi alijifunza kwenda kazini kwa miguu kupitia njia za nyuma, ili asikutane na gari la polisi. Watoto sasa hawakumkimbia. Walimfuata. "Ntate wa Mwisho, puliza hapa!" wakasema, wakimnyooshea vijiti, na yeye alipita ameinamisha kichwa.

Alikwenda kwa yule mtu wa ustawi wa jamii. Mara ya kwanza alisema hana shida na pombe. Mara ya tatu alisema kwamba miaka mingi alikuwa anakunywa kidogo baada ya kila mazishi ya mtoto, na kwamba mazishi ya watoto ni mengi. Alipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake, aliogopa kuliko siku ya pingu.

Damu ilipojibu, kiasi kilikuwa kidogo. Mtu anayeendesha gari lake mwenyewe angepita. Lakini mwenye kibali cha kuendesha kwa malipo ana kipimo chake, kikali zaidi, na Motlatsi alikuwa amekivuka. Alikiri kosa. Hakimu alimtoza faini, akampa kifungo cha nje, akamsimamishia leseni kwa miezi sita. Motlatsi alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akauliza kama anaruhusiwa kukaa.

Nje, Mme Keneuoe alimwambia, "Sasa unaweza kwenda kwake."

Alikuwa ameiomba ruhusa hiyo miezi mingi. Alipoipata alitamani asiwe nayo. Alikwenda Jumapili mchana, amevaa koti lake la kazi kwa sababu ndilo koti zuri alilokuwa nalo. Getini alisimama mpaka mbwa akachoka kubweka.

Matshidiso alifungua mlango. Alimtambua mara moja. Akasogea pembeni, akampisha aingie.

"Nimekuja kuomba radhi, dada," Motlatsi alisema akiwa bado wima. "Sina maneno mengine. Mama yako alinifundisha kusoma, na mimi nikamwacha barabarani."

"Kaa."

Akakaa. Matshidiso akaenda jikoni, akarudi na chai, akaketi mkabala naye.

"Unajua niliogopa nini siku ile? Si gari. Niliogopa kioo. Kila nikiangalia nyuma niliona jeneza. Kwenye kile kilima cha makaburini gari likazimika, nikaanza kushuka kinyumenyume na mama yangu. Nikasikia sauti yako ile, kanyaga klachi mpaka chini. Nikakanyaga." Akafuta jicho kwa hasira. "Nilikuchukia kwa kuwa sauti yako ndiyo iliyonifikisha."

Akamsogezea Motlatsi kikombe.

"Sijakusamehe. Pengine nitakusamehe, sijui bado. Usiniharakishe."

"Sitakuharakisha."

"Kunywa chai, inapoa."

Aliinua kikombe pamoja na kisahani chake, lakini mkono ulimtetemeka mpaka kikombe kikawa kinagongagonga kwenye kisahani, kelele tupu chumba kizima. Akajaribu kukituliza kwa mkono wa pili, kikazidi. Matshidiso akanyoosha mkono, akakichomoa kisahani chini ya kikombe, akakiweka mezani.